Sura ya Tano: Diploma ya Kasongo Kwenye Mizani ya Viza

Katika familia nyingi za Kasongo na Kabambare, huku Maniema nchini Kongo, mtoto akimaliza chuo watu huhesabu walichotoa: minervali, yaani karo, ya kila mwaka, magunia ya mchele yaliyouzwa ili ilipwe, nauli ya kwenda Kindu au Kisangani. Ni haki yao kuuliza diploma hiyo italeta nini, na siku hizi swali linavuka mipaka: je, inaweza kumpatia mwenyewe viza ya kazi katika nchi zinazochagua wafanyakazi kwa alama? Inaweza. Lakini haipewi alama kwa ajili ya jina lake, wala kwa jasho lililomwagika kuipata. Inapewa alama pale tu msomaji wa mbali, asiyeijua Kasongo, anapoisoma na kuiamini. Naye huamini mambo matatu: miaka ya masomo, ushahidi wa masomo hayo, na lugha ya mwombaji. Sura hii inaeleza kwa nini mambo hayo matatu yanazidi uzito wa cheo kilichoandikwa juu ya karatasi.

Tuanze na mizani yenyewe. Kanada ilianza kuchagua wahamiaji kwa alama mwaka 1967, ilipoachana na desturi ya kuwapokea watu kwa kutazama rangi na asili yao. Tangu Januari 2015 maombi mengi ya watu wenye ujuzi hupitia mfumo wa Express Entry, na wenye alama za juu ndio wanaoalikwa. Kwa mtu asiye na mwenzi, diploma ya sekondari ina alama 30, masomo ya chuo ya mwaka mmoja 90, ya miaka miwili 98, shahada ya miaka mitatu au zaidi 120, master 135, na udaktari 150. Ukizipanga alama hizo utaona kwamba ngazi ndefu iko chini: kutoka sekondari hadi mwaka mmoja wa chuo ni alama 60, ilhali kutoka shahada ya kwanza hadi master ni 15 tu. Nchi nyingine zina mizani tofauti. Uingereza hudai alama 70 kwa viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi, nazo hutokana na mwajiri aliyeidhinishwa, kiwango cha kazi, mshahara na Kiingereza. Diploma huongeza alama ikiwa tu ni ya udaktari unaohusiana na kazi hiyo. Ujerumani, katika kadi yake ya kutafutia kazi iliyoanza Juni 2024, imeifanya diploma kuwa mlango. Asiye na shahada au mafunzo ya ufundi ya angalau miaka miwili yanayotambuliwa na nchi alikosomea, pamoja na Kijerumani cha mwanzo au Kiingereza kizuri, alama zake hazianzi hata kuhesabiwa.

Hapo ndipo neno moja la Kongo, lisansi, linapoleta mkanganyo. Kwa miongo mingi mtu alisoma gradua miaka mitatu, kisha lisansi miaka miwili, hivyo aliyeitwa lisansiye alikuwa amekaa chuoni miaka mitano. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 serikali ilipoeneza mfumo wa LMD (lisansi, master, udaktari), lisansi imekuwa ya miaka mitatu, na baada yake inakuja master ya miaka miwili. Kwa hiyo katika nyumba moja kaka na mdogo wake wanaweza wote kuwa na lisansi, na bado wakatofautiana kwa miaka miwili mizima ya masomo. Mkaguzi wa ng'ambo hawezi kuliamini neno hilo peke yake. Anahesabu miaka, anauliza mtu aliingia chuoni kwa diploma gani, na anataka kujua kama chuo kinatambuliwa na serikali. Kwa Kanada kazi hiyo hufanywa na taasisi zilizoteuliwa, na ripoti yao hutumika kwa miaka mitano. Ripoti ndiyo inayopewa alama, diploma ni malighafi yake. Mwenye lisansi ya zamani akipeleka karatasi ya lisansi bila ile ya gradua, ameficha miaka mitatu kati ya mitano bila kukusudia.

Jambo la pili ni ushahidi. Tazama sasa karatasi moja kwa karibu: releve ya alama za mwaka wa kwanza. Juu kuna jina, postinomu na prenomu, kwa sababu tangu siasa ya otantisite ya miaka ya 1970, iliyorudisha majina ya asili, Mkongo hubeba postinomu. Fomu za ng'ambo mara nyingi zina nafasi mbili tu, jina la ukoo na jina la mtu. Ikiwa releve inaanza na postinomu, diploma inaanza na jina, na pasipoti imeziunganisha herufi mbili zilizotenganishwa kwingine, mkaguzi anaona watu watatu badala ya mmoja. Chini kuna orodha ya masomo, saa, alama, saini na muhuri. Kama karatasi ya mwaka wa pili haikuchukuliwa kwa apariteri, msajili wa wanafunzi, kwa sababu deni la minervali lilibaki, mwaka huo hauna shahidi. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na elimu iko hivyo hivyo. Kulifuata daftari hilo baadaye ni safari ya barabara ya matope hadi Kindu, kisha ndege hadi Kinshasa kutafuta muhuri wa wizara. Kuliomba kila mwisho wa mwaka ni kutembea hadi ofisi ya chuo.

Jambo la tatu, lugha, ndilo wengi hulidharau kwa kuwa wamesoma kwa Kifaransa tangu utoto. Tufanye hesabu. Mwenye shahada ya miaka mitatu asiye na mwenzi, akifika daraja la 7 la kipimo cha Kanada katika kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza Kifaransa, anapata 120 za elimu, 68 za lugha, 13 za elimu na lugha zikiunganishwa, na nyongeza ya 25 ya Kifaransa: jumla 226. Akirudi chuoni miaka miwili apate master, Kifaransa kikibaki palepale, anafika 253. Lakini akibaki na shahada yake na kukipandisha Kifaransa hadi daraja la 9, anafika 294. Miaka miwili ya master imemletea 27. Madaraja mawili ya lugha yamemletea 68. Atakayesema kwamba msomi wa Kasongo hana haja ya kujifunza Kifaransa akumbuke kwamba sokoni, nyumbani na msikitini au kanisani tunaishi kwa Kiswahili. Kifaransa chetu ni cha daftari, na mtihani unapima pia sikio na ulimi.

Wapo wanaosema kwamba haya yote ni bure, kwa kuwa diploma ya chuo kidogo cha Maniema itadharauliwa tu. Pingamizi hili lina ukweli mahali fulani. Uingereza ilipoanzisha mwaka 2022 viza ya wahitimu wa vyuo bora duniani, orodha ya kwanza haikuwa na chuo hata kimoja cha Afrika. Huko jina la chuo ndilo kila kitu. Lakini hesabu ya Kanada haina alama za sifa ya chuo. Chuo kinachotambuliwa, miaka iliyothibitishwa, basi. Adui wa mhitimu wa Kasongo katika mizani hiyo ni pengo ndani ya dosie yake kuliko udogo wa chuo chake. Mwenye kujua hivyo hatauza shamba ili amlipe wakala anayeahidi kumwongezea alama, kwa sababu hakuna wakala mwenye alama za kuuza.

Pingamizi zito zaidi ni lile la wanaobaki. Katika miaka ya 1970 Kasongo ilijulikana duniani kwa mradi wa afya ulioshirikisha Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp, ulioonyesha jinsi vituo vidogo vyenye wauguzi waliofunzwa vizuri vinavyoweza kuhudumia watu wa vijijini. Muuguzi A1, yaani wa ngazi ya gradua, akiondoka Kabambare, pengo lake haliko kwenye karatasi. Shirika la Afya Duniani limeiweka Kongo katika orodha yake ya mwaka 2023 ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya, ili nchi tajiri zisije kuwavuta kwa nguvu. Orodha hiyo ni mwongozo kwa serikali na waajiri wao. Haimnyimi mtu haki ya kuomba mwenyewe. Na muuguzi ajue kwamba alama za viza si ruhusa ya kuuguza: baraza la wauguzi la huko litampima upya, na wengine huanza kwa kazi iliyo chini ya ujuzi wao. Kumweleza haya si kumsukuma aondoke. Dosie iliyokamilika humsaidia pia anayetafuta kazi Kindu, Bukavu au Lubumbashi.

Ndiyo maana sehemu kubwa ya dawa iko mikononi mwa vyuo vyetu wenyewe. Chuo kinachoandika majina kama yalivyo kwenye pasipoti, kinachotoa releve kila mwaka, kinachoeleza kwa maandishi kama lisansi yake ni ya miaka mitano au mitatu, na kinachojibu barua ya mkaguzi kabla muda haujapita, kinampa mhitimu wake alama bila kujenga hata darasa moja jipya. Familia iliyouza mchele kwa miaka mitano imeshalipa sehemu yake. Inachowadai apariteri na mkuu wa chuo ni kalamu, muhuri na kabati lisilovuja mvua.