Jicho la Paka na Mpira wa Shingoni

Ndugu msikilizaji, juma hili nazungumzia jambo ambalo baadhi yenu mtalicheka: paka kulishwa kwa mpira. Cheka, lakini nisikilize, maana nusura nimuue paka wa nyumbani kwangu kwa kutokujua.

Paka huyo, mnene kweli kweli, alikataa kula kwa siku nne. Nikasema njaa ikimshika atakula. Kumbe nilikosea. Paka akikaa siku kadhaa bila chakula, hasa aliyenona, mafuta ya mwili hukimbilia kwenye ini na kulijaza hadi lishindwe kazi. Asipolishwa, hufa. Daktari wa mifugo akamlaza kwa dawa ya usingizi, akatoboa shingo upande wa kushoto na kupitisha mpira mwembamba hadi ndani ya umio, yaani njia ya chakula. Tukafundishwa kumpa chakula kilichosagwa laini, kwa bomba la sindano, polepole, mara kadhaa kwa siku.

Asubuhi ya pili mwanangu akaniita: "Baba, njoo, jicho limeharibika!" Kweli, jicho la kushoto lilikuwa limezama ndani, kope imelegea, mboni imekuwa ndogo kuliko ya kulia, na ule utando wa kwenye kona umefunika sehemu ya jicho. Mkono wangu ukaenda kwenye mpira niung'oe. Mke wangu akanizuia: "Baba Zuhura, muulize daktari kwanza."

Daktari alinieleza hivi. Kando ya umio, pamoja na mshipa mkubwa wa damu uendao kichwani, hupita mishipa ya fahamu. Mmoja hupanda kutoka kifuani kuelekea jichoni. Huo ndio unaopanua mboni na kusaidia kuinua kope. Ukiguswa na chombo wakati wa kutoboa, au ukibanwa na uvimbe, jicho la upande ule hulegea. Hali hiyo huitwa ugonjwa wa Horner, kwa jina la daktari wa macho wa Uswisi aliyeueleza mwaka 1869.

Paka hapofuki. Mshipa ukiwa umechubuka tu, mara nyingi jicho hurudi lenyewe baada ya majuma kadhaa. Wa kuchungwa zaidi ni mshipa mwenzake, unaopita bega kwa bega nao na kupeleka habari kwenye koo. Huo ukidhurika, mlio wa paka hubadilika na pumzi huwa za shida. Hapo usingoje kukuche. Mkimbize kwa daktari.

Lakini kuung'oa mpira mwenyewe hakutibu mshipa. Kunamnyima mgonjwa chakula, na njaa ndiyo iliyokuwa ikimuua. Kama mpira uhamishwe au uondolewe, aamue daktari.

Wetu uliondolewa paka alipoanza kula mwenyewe. Jicho lilifunguka baadaye kidogo. Nami nimejifunza: paka akisusa chakula siku ya pili, sisubiri ya nne.

Hadi juma lijalo, kwaherini.