Kwa nini mfumo hukokota baada ya data kuhamishwa

TAASISI inapohamisha hifadhidata yake kutoka Oracle hadi PostgreSQL, aghalabu kwa nia ya kuepuka gharama ya leseni, rekodi zote huweza kufika salama na bado kazi iliyokuwa ikimalizika kwa dakika chache ikachukua usiku kucha. Kisababishi kimoja ambacho husahaulika ni faharasa za majedwali ya muda.

Jedwali la muda ni mahali ambapo programu huweka matokeo ya katikati inapopiga hesabu. Faharasa nayo hufanya kazi ile ile ya faharasa ya kitabu: huielekeza kompyuta kwenye mstari unaotafutwa badala ya kupekua jedwali zima.

Chukua mfano wa chama cha akiba na mikopo chenye wanachama 40,000, kinachokusanya michango 200,000 katika jedwali la muda ili kukokotoa mgao wa faida. Ikiwa programu inamshughulikia mwanachama mmoja baada ya mwingine bila faharasa, italazimika kusoma mistari bilioni 8.

Katika Oracle, jedwali la muda la aina inayotumika sana huundwa mara moja tu. Umbo lake na faharasa zake hudumu. Data pekee ndiyo hutoweka. Katika PostgreSQL, jedwali lenyewe hutoweka pamoja na faharasa zake mawasiliano na seva yanapokatika. Hivyo basi, faharasa iliyoundwa siku ya kuhamisha data haitakuwepo kesho yake.

Suluhisho ni kuiweka amri ya kuunda faharasa ndani ya programu yenyewe. Jedwali huundwa, likajazwa data, ndipo faharasa ikaundwa, kwa kuwa kuijenga kwa mkupuo mmoja ni haraka kuliko kuirekebisha kila mstari unapoingia. Kisha amri ya ANALYZE hutolewa. Huduma inayokusanya takwimu za majedwali kiotomatiki haiwezi kuyafikia ya muda, na bila takwimu hizo, PostgreSQL hukisia ukubwa wa jedwali na huenda ikachagua njia mbovu.

Hata hivyo, si kila jedwali linalohitaji faharasa. Likiwa dogo, au likisomwa mara moja tu, gharama ya kuijenga hupita faida yake.

Lipo pia suala la usahihi. Oracle, isipoagizwa vingine, hufuta data ya muda kila shughuli inapothibitishwa. PostgreSQL huiacha hadi mawasiliano yakatike. Pale ambapo programu nyingi hupokezana mawasiliano yale yale, michango ya hesabu iliyotangulia yaweza kuingia katika hesabu inayofuata. Agizo la ON COMMIT DROP, linaloondoa jedwali shughuli inapokamilika, huzuia hatari hiyo. Mgao uliochelewa huudhi wanachama, lakini mgao usio sahihi ni deni.