Kuchagua Eneokazi la Mfumo Huria: Nafasi ya Kiswahili katika Tarakilishi za Nchi ya Chai

Utangulizi

Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa marekebisho ya kawaida ya usalama kwa mfumo wa Windows 10. Mfumo ulioufuata, Windows 11, haukubali rasmi mashine ambayo haina kijisehemu maalumu cha usalama na kichakataji cha miaka ya karibuni. Kwa hivyo, tarakilishi nyingi ambazo bado zinafanya kazi vizuri zimeachwa bila ulinzi. Kwa shule ya kutwa iliyoko Litein, Mogogosiek au Sotik, ambako wazazi wengi hulipa karo kwa kutegemea bonasi ya majani chai, kununua mashine mpya ishirini kwa mkupuo si jambo rahisi. Njia mojawapo iliyo wazi ni kuziwekea mashine hizo kuukuu mfumo endeshi huria wa Linux, ambao hautozwi ada ya leseni. Hata hivyo, mwalimu anayeishika njia hiyo hukabiliwa na swali ambalo Windows haikumwuliza kamwe: achague eneokazi lipi?

Makala hii inakusudia kulijibu swali hilo kwa kutumia vigezo vitatu: uzito wa mashine, mazoea ya mtumiaji na lugha. Hoja yetu ni kwamba vigezo viwili vya kwanza ni vya fundi, ilhali cha tatu ni chetu sisi wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, na bado hatujakitendea haki.

Maana ya eneokazi

Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, ni kiini tu cha mfumo. Kiini hugawa kumbukumbu, huendesha diski na kuitikia kibodi, lakini hakina sura. Eneokazi ndilo sura hiyo: madirisha, menyu, aikoni, saa iliyo pembeni mwa skrini na pipa la taka. Katika Windows, kiini na sura huja vikiwa kitu kimoja. Katika mifumo huria vimetenganishwa, na mtumiaji huweza kubadilisha kimoja pasi na kukigusa kingine. Chai iwe ya mkandaa au ya maziwa, jani ni lile lile.

Maeneokazi yanayofahamika zaidi ni machache. KDE ilianzishwa na Mjerumani Matthias Ettrich mwaka 1996. Mwaka uliofuata, Miguel de Icaza na Federico Mena wa Meksiko walianzisha GNOME, kwa kuwa maktaba ya programu iliyotegemewa na KDE wakati huo haikuwa huria kikamilifu. Xfce, iliyoanzishwa na Olivier Fourdan mwaka 1996, na LXQt, mrithi wa LXDE ya mwaka 2006, ziliundwa kwa nia ya kuwa nyepesi. Mfumo wa Ubuntu, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, hutumia GNOME. Ndugu zake Kubuntu, Xubuntu na Lubuntu hutumia KDE, Xfce na LXQt mtawalia. Mwanafunzi wa isimu atatambua mara moja kwamba jina lenyewe, ambalo ni la Kizulu na Kixhosa, ni ndugu wa neno letu “utu”.

Kigezo cha kwanza: uzito

Ubuntu yenye GNOME huhitaji kumbukumbu kubwa. Mashine yenye gigabaiti 2 itaiwasha kwa shida, na mwanafunzi atatumia nusu ya kipindi akisubiri dirisha lifunguke. Xfce na LXQt huacha nafasi kubwa zaidi kwa kazi yenyewe. Kamba hukatikia pabovu; maabara ipimwe kwa mashine yake iliyo dhaifu kuliko zote, wala si kwa ile ya mwalimu. Aidha, ieleweke kwamba kivinjari cha intaneti mara nyingi hula kumbukumbu kuliko eneokazi lenyewe. Eneokazi jepesi halitamwokoa mtu aliyefungua kurasa thelathini kwa pamoja.

Jambo la kutia moyo ni kwamba hakuna haja ya kubahatisha. Mifumo mingi ya aina hii huweza kuwashwa kutoka kwenye flashi bila kuigusa diski ya mashine. Fundi anaweza kujaribu maeneokazi matatu kwa alasiri moja, ilimradi mvua ya Kericho isije na radi ikakata umeme.

Kigezo cha pili: mazoea

Wengi wa watumiaji wetu walijifunzia Windows, iwe shuleni au katika vibanda vya intaneti vya mjini. Hao huzoea upesi Xfce, MATE au KDE, ambazo zina menyu ya programu na utepe wa madirisha. GNOME, tangu toleo lake la 3 la mwaka 2011, imefuata mkondo tofauti: menyu ni chache na madirisha hutandazwa skrini nzima ili mtu achague. Wapo wanaoipenda kwa utulivu wake. Hata hivyo, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Sura inayomeremeta haifai kitu iwapo mtumiaji hajui faili lake limehifadhiwa wapi.

Kigezo cha tatu: lugha

Katika mashamba makubwa ya chai ya Kericho na Bomet, Wakipsigis, Abagusii, Waluo na Waluhya hufanya kazi bega kwa bega, na Kiswahili ndicho kiungo chao. Mtoto wa mchuma chai huanza na lugha ya mama, akakipata Kiswahili mapema, lakini mbele ya skrini hukutana na Kiingereza pekee. Je, lazima iwe hivyo?

La hasha. Mwaka 2004, mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Jambo hili liliwezekana kwa kuwa chanzo cha programu kilikuwa wazi. Mifumo huria hukitambua Kiswahili kwa misimbo miwili, sw_KE kwa Kenya na sw_TZ kwa Tanzania. Kila eneokazi lina watafsiri wake wa kujitolea, nao hujaza majedwali yenye sentensi ya Kiingereza upande mmoja na nafasi tupu upande wa pili. Nafasi isiyojazwa huonyeshwa kwa Kiingereza. Hakuna hata moja kati ya maeneokazi tuliyoyataja ambalo limetafsiriwa kikamilifu kwa Kiswahili.

Kazi hiyo inahitaji mwanaisimu, si mjuzi wa tarakilishi pekee. Tutazame mifano mitatu.

Mosi, upatanisho wa kisarufi. Mwandishi wa programu huandika ujumbe mmoja wenye pengo, kisha mashine hulijaza pengo hilo kwa jina lolote. Kiingereza hakitatiziki. Kwa Kiswahili, kabrasha limefutwa, picha imefutwa, ujumbe umefutwa, kitabu kimefutwa. Mashine haijui ngeli. Mtafsiri stadi atakwepa mtego huo kwa kuandika “Kilichofutwa:” kisha jina lifuate, kwani ngeli ya “kitu” huweza kubeba chochote.

Pili, upana wa maana. Kitenzi “funga” hutumika kwa dirisha linaloondolewa na pia kwa skrini inayokingwa kwa nywila. Vitufe hivyo viwili vikiandikwa neno moja, mtumiaji atapotea. Pengine “funga” libaki la dirisha, na skrini “ikomewe”.

Tatu, saa. Pembeni mwa skrini huandikwa 7:00, ilhali msemaji husema saa moja asubuhi. Je, saa ya eneokazi la Kiswahili ihesabu kuanzia macheo au usiku wa manane? Suala hilo halihitaji fundi. Linahitaji wenye lugha waafikiane.

Zaidi ya hayo kuna mvutano wa istilahi. Kenya husema tarakilishi, Tanzania husema kompyuta na wakati mwingine ngamizi. Mvutano huo umejadiliwa sana katika makongamano, lakini istilahi hukomaa kwa kutumiwa. Neno lililo kwenye menyu husomwa kila siku na mtu ambaye hatawahi kusoma jarida hili.

Hitimisho

Kwa maabara yenye mashine kuukuu, Xfce ndiyo chaguo la busara, na LXQt ifuate pale ambapo kumbukumbu ni haba zaidi. Penye mashine zenye nguvu, GNOME au KDE zitafaa kulingana na mapenzi ya mtumiaji. Lakini uchaguzi huo ukiachwa hapo, tutakuwa tumebadilisha sura na kubaki na lugha ile ile.

Tunapendekeza kila chama cha wanafunzi wa Kiswahili, kuanzia Chuo Kikuu cha Kabianga na wenzao wa Bomet, kichague programu moja ndogo ya eneokazi, kwa mfano kisimamia-faili cha Xfce, na kuitafsiri yote kwa muhula mmoja chini ya uongozi wa mhadhiri. Ni zoezi la tafsiri lenye wasomaji halisi, na matokeo yake yatasafiri hadi kila shule itakayoweka toleo linalofuata. Mcheza kwao hutunzwa. Nasi hatuna budi kuanza kucheza.