Kifaa cha wanamuziki chafaa kudhibiti sauti za kompyuta

SALA ya mwisho imeanza kaburini na jamaa walio Marekani na Uingereza wanaifuatilia kupitia intaneti. Ghafla wimbo uliochezwa wakati wa msafara unarejea kwa kishindo, na juu yake unaingia mlio wa ujumbe. Anayerusha matangazo anahangaika na kipanya akitafuta programu inayopiga kelele. Anapoipata, sala imekwisha na walio ng'ambo hawakusikia hata neno.

Mkasa kama huo unaweza kumpata kijana yeyote anayefanya kazi hiyo peke yake kwa kipakatalishi, awe wa Majengo mjini Meru au wa Majengo ya Embu. Kurusha mazishi na harusi moja kwa moja kulienea nchini kuanzia mwaka 2020, Serikali ilipopunguza idadi ya waombolezaji ili kuzuia kusambaa kwa Covid-19. Anayefanya kazi hii huishi kwa jina lake: akiharibu mazishi ya mzee mmoja, mtaa mzima utajua kabla ya jua kuchwa.

Kiini cha tatizo ni kwamba kompyuta moja huendesha programu nyingi zenye sauti kwa wakati mmoja. Kupunguza sauti ya kompyuta nzima si dawa, kwa kuwa hatua hiyo hugusa kila kitu, hata sauti inayohitajika. Tangu Windows Vista ilipouzwa kwa umma Januari 2007, kompyuta za Windows zimeweza kupewa kiwango tofauti cha sauti kwa kila programu. Zile za Linux nazo zina uwezo huo. Hata hivyo, kidirisha chenyewe kimejificha, na kipanya hushika jambo moja tu kwa wakati.

Hapa ndipo kidhibiti cha MIDI kinapofaa. Ni kibao kidogo chenye vijiti vya kutelezesha juu na chini, pamoja na vifundo vya kuzungushwa, ambacho huunganishwa kwa waya wa USB. Kuna vya aina nyingi. NanoKONTROL2 ya kampuni ya Korg, kwa mfano, ina vijiti vinane na vifundo vinane.

MIDI ni lugha ya mawasiliano kati ya ala za muziki za kielektroniki. Ilianza kutumika mwaka 1983 kutokana na juhudi za Dave Smith wa Marekani na Ikutaro Kakehashi wa Japani, ambao mwaka 2013 walitunukiwa tuzo ya Grammy ya ufundi. Lugha hiyo haibebi sauti yoyote. Mtu anapotelezesha kijiti, kifaa hutuma nambari zinazoeleza ni kijiti kipi kimeguswa na kimefika kiwango gani, kati ya 0 na 127. Programu inayozipokea ndiyo huamua zina maana gani: 0 iwe kimya, 127 iwe sauti kamili.

Kwa hivyo kinachohitajika ni mkalimani. Kwa Windows ipo programu iitwayo MIDI Mixer. Mtumiaji huunganisha kifaa, hufungua programu hiyo, kisha hukabidhi kila kijiti kazi yake: cha kwanza muziki, cha pili kivinjari cha intaneti, cha tatu simu za mtandaoni. Kuanzia hapo, kidole kimoja hushusha wimbo bila kugusa kingine, macho yakiwa bado kwenye kamera.

Kuna mambo mawili ya kuzingatia. Kwanza, kipaza sauti cha mhubiri si programu. Sauti yake huongozwa ndani ya programu ya kurusha matangazo au kwenye mtambo wa kuchanganya sauti, na kijiti kilichokabidhiwa muziki hakitaigusa.

Pili, vijiti vya vifaa vya bei nafuu havijisogezi vyenyewe. Iwapo sauti imepunguzwa kwa kipanya huku kijiti kikiwa juu, kukigusa kidogo tu kunaweza kuirusha sauti hadi juu kwa mshtuko. Baadhi ya vifaa na programu huzuia hali hiyo kwa kungoja kijiti kipite kwanza kiwango kilichopo ndipo kianze kutawala. Pasipo kinga hiyo, ni vyema kuzoea kutumia kijiti pekee na kuacha kipanya.

Hatimaye, mitambo yote ijaribiwe kabla ya waombolezaji kuwasili: kila programu ichezwe, kila kijiti kishushwe hadi chini, na milio ya ujumbe izimwe kabisa. Tahadhari kabla ya hatari, kwa maana sala ya kaburini hairudiwi.