Gofu: mwaka muzima bila mushahara, juu ya kadi 20

Mu football ya divisheni ya pili, muchezaji iko na klabu. Klabu ndiyo inatafuta basi, otele na chakula, na kama mushahara unachelewa, kuko mulango wa kubisha. Mu gofu, mulango huo hauko. Muchezaji ni yeye timu, ni yeye prezida, ni yeye mutunza-feza.

Tuchukue mufano wa Korn Ferry Tour ya Marekani. Ilianza mwaka wa 1990 kwa jina la Ben Hogan Tour, na kila mara kampuni yenye kutoa feza inabadilika, jina nalo linabadilika. Iko ngazi moja chini ya PGA Tour, kwenye wanacheza wale wakubwa tunawaona mu televizyo. Hapa chini ndipo watu wanatafuta njia ya kupanda.

Juma moja linapita namna gani? Shindano ni la siku ine, kuanzia mara nyingi siku ya ine mupaka siku ya yenga. Kila siku ni mashimo 18. Mwenye kupiga mupira mara kidogo kuliko wengine ndiye mushindi. Lakini kisha siku mbili, wanakata liste: watu 65 wa kwanza, pamoja na wenye kulingana na yule wa 65, ndio wanaendelea. Wengine wanafunga mufuko. Hawapati hata dola moja.

Mu miezi ya joto, shindano linaweza kuanza na watu 156. Piga hesabu weye mwenyewe: mara nyingi zaidi ya nusu wanarudia mikono mitupu, na wamekwisha kulipa ndege, otele, chakula na mutu mwenye anawabebea fimbo. Juma lenye kufuata, wanalipa tena. Ndiyo maana wengi wanatafuta mufazili, ao wanaegemea jamaa.

Feza iko, lakini iko juu. Mashindano ya Korn Ferry yanatoa kwa kawaida dola milioni 1, na mushindi anabeba 180,000. Ni feza mingi. Lakini ku The Players Championship ya PGA Tour mwaka wa 2025, mushindi alibeba dola milioni 4 na nusu. Ni mara 25. Sasa munaelewa juu ya nini mutu anavumilia.

Msimu unaanza mwezi wa kwanza kule Bahamas, unapita mu inchi za Amerika ya Kusini, kisha unazunguka Marekani mupaka mwezi wa kumi. Kila shindano linatoa pointi. Mwenye kuanza mubaya anaweza kurudishwa nyuma mu liste ya kungojea, na kuna majuma hata nafasi ya kucheza haipati. Mwenye kushinda mara tatu mu msimu mumoja, yeye anapanda pale pale. Wengine wote wanangojea hesabu ya mwisho.

Na hesabu hiyo imekuwa kali. Mwaka wa 2024, watu 30 walipata kadi ya kuingia PGA Tour. Mwaka wa 2025, kadi zilibakia 20. Wa 20 anapanda. Wa 21 anabakia chini mwaka mwingine, na kati yao tofauti inaweza kuwa pigo moja tu, mupira mumoja wenye ulipita pembeni ya shimo mu mwezi wa tatu, wakati hakuna mutu alikuwa anaangalia.

Wenye kupita njia hiyo wako. Zach Johnson aliongoza liste ya ngazi hii mwaka wa 2003, na mu 2007 akashinda Masters. Scottie Scheffler aliongoza mwaka wa 2019 na kushinda mara mbili. Mu 2022 akashinda Masters, akarudilia mu 2024, na mwaka huo huo akabeba medali ya zahabu ku Olimpiki ya Paris.

Hata karibu na sisi ngazi hii ilifika. Kenya Open ya Nairobi ilikuwa, tangu 1991 mupaka 2018, mu kalendari ya Challenge Tour, divisheni ya pili ya Ulaya. Trevor Immelman wa Afrika ya Kusini aliishinda mwaka wa 2000, na miaka munane kisha akashinda Masters.

Kwa hiyo, siku mutasikia mu habari za michezo kama muchezaji fulani "alikatwa" siku ya tano, mujue haiko tu kushindwa mu mchezo. Ni juma nzima la kazi lenye halikulipwa, na siku ya kwanza yenye kufuata anapanda tena ndege kwa feza yake mwenyewe.