Kikaratasi cha Dondoo Siku ya Usaili

Katika nyumba nyingi za Shinyanga, Kahama na Geita, kuitwa kwenye usaili wa kazi ni habari ya familia nzima. Baba anatafuta nauli, shangazi anaazimisha viatu, watoto wanakatazwa kugusa bahasha ya vyeti. Siku ikifika, mama au binti anaingia chumbani na kukuta watu watatu au watano nyuma ya meza. Anaambiwa, "Hebu tueleze kazi ulizofanya." Mara yote aliyoyapanga usiku yanamtoka. Anajibu kwa maneno machache, anashukuru, anatoka. Kabla hajafika kituo cha daladala, yote yamemrudia, lakini mlango umekwisha kufungwa.

Je, ni vibaya kuingia kwenye usaili na kikaratasi cha dondoo? Wengi hufikiri ni sawa na kuingia na majibu kwenye mtihani. Sisi tunasema si vibaya, mradi mtu ajue mahali pake, akiandike mwenyewe, na aandike kweli tupu.

Kwa nini wengi hunyamaza

Hapa kwetu kazi za mgodini zina historia ndefu. Almasi ya Mwadui ilianza kuchimbwa mwaka 1940. Mgodi mkubwa wa dhahabu wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, na Bulyanhulu ukafuata mwaka 2001. Kwa miaka mingi kazi hizo zilihesabiwa kuwa za wanaume. Siku hizi wako wanawake wanaoendesha magari makubwa ya kubebea mawe, wanaofanya kazi maabara, stoo, jikoni na katika ofisi za usalama kazini. Kanuni za mwaka 2018 za ushirikishwaji wa Watanzania katika madini zinazitaka kampuni kuwapa Watanzania kipaumbele katika ajira. Kwa hiyo mlango upo. Shida ni kuuvuka.

Tukumbuke pia namna tulivyolelewa. Binti wa Usukumani hufundishwa kupiga magoti anapowasalimu wakubwa na kutojisifu mbele yao. Ni malezi mema, nasi hatutaki yapotee. Lakini kwenye usaili binti huyo huyo anatakiwa kuwaambia watu wazima, tena wageni, mambo anayoyaweza. Anaona haya, anasema, "Nimefanya fanya tu kazi ndogo ndogo." Wasaili hawana namna ya kujua kilichofichwa nyuma ya maneno hayo.

Wapo pia waliokaa kazini muda mrefu. Mgodi wa Buzwagi, Kahama, ulioanza mwaka 2009, ulifikia mwisho wa uzalishaji mwaka 2021. Mtu aliyedumu hapo miaka 12 anaijua kazi, lakini huenda hajakaa mbele ya wasaili tangu ujana wake. Kuijua kazi ni jambo moja, na kuieleza ni jambo jingine.

Mtihani na mahojiano

Kwanza tutenganishe mambo mawili. Usaili wa serikali, unaosimamiwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, mara nyingi huanza na mtihani wa mchujo wa kuandika, kisha mahojiano ya ana kwa ana, na kwa kazi nyingine huwa na usaili wa vitendo. Kampuni nyingi nazo hutoa mtihani kwanza. Kwenye mtihani karatasi yako haina ruhusa. Kuingia nayo ni udanganyifu, na aliyefanya hivyo amejifukuzisha mwenyewe.

Mahojiano ni kitu kingine. Tazama wanaokuhoji: kila mmoja ana karatasi mbele yake. Maswali yameandikwa, na kila jibu linapewa alama. Hakuna anayewaona wajinga kwa sababu wamekuja na maandishi. Nawe unaweza kuwa na yako, mradi uombe ruhusa. Ukikatazwa, usibishane, weka karatasi kwenye mkoba uendelee. Kazi kubwa ilikwisha kufanyika jana yake, ulipokuwa ukiandika. Mtu aliyepanga mambo yake kwa mkono wake hubaki na mengi kichwani, hata karatasi isipokuwapo.

Kiandikwe nini?

Nusu ya ukurasa inatosha. Andika kwa herufi kubwa, na uandike maneno, usiandike sentensi ndefu. Sentensi zitakuvuta uzisome kama tangazo la redioni. Tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, kazi ulizofanya, mahali na miaka. Tarehe ndizo hutoroka upesi mtu anapoogopa, na tarehe zisizolingana na vyeti humfanya mtu mkweli aonekane mwongo.

Pili, mambo matatu uliyofanya vizuri, yakiwa na hesabu. Tuchukue mfano wa mama lishe kwenye machimbo madogo ya Rwamgasa anayeomba kazi ya jikoni mgodini. Akisema, "Nimepika pika huko machimboni," hajasema kitu. Lakini huenda kikaratasi chake kina maneno haya: "Miaka 4. Watu 60 kila siku. Mchele wa jumla, Katoro. Daftari la madeni." Kwa dondoo hizo nne anaweza kueleza kwamba anajua kupika kwa wengi, kununua kwa bei nzuri, kutunza hesabu na kuamka alfajiri. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ujuzi wetu nao ni mali.

Tatu, maneno magumu ya kazi yenyewe. Kama maswali yatakuwa kwa Kiingereza, andika majina ya vifaa, mashine na kanuni za usalama unazozifahamu. Usiandike jina la mashine ambayo hujawahi kuishika.

Nne, maswali yako. Karibu kila usaili huisha kwa, "Je, una swali?" na wengi hujibu, "Hapana, asante." Mama mwenye familia anayo ya kuuliza: zamu zinaanza saa ngapi, kuna usafiri wa kwenda mgodini usiku, mkataba ni wa muda gani. Usiyaache nyumbani.

Namna ya kukitumia

Ukikaribishwa kuketi, salimu kwa heshima kama ulivyozoea. Swali la kwanza, la kujieleza, lijibu bila kutazama karatasi. Mtu hasomi jina lake mwenyewe. Ikifika haja ya tarehe au hesabu, sema kwa utulivu, "Samahani, naomba ruhusa nitazame dondoo zangu niwape tarehe sahihi." Tazama, inua uso, kisha jibu. Usiongee macho yakiwa kwenye karatasi. Usiandike kwenye kiganja cha mkono, wala usifiche kikaratasi kwenye kitenge. Kinachofichwa huonekana kibaya hata kama ni chema.

Usaili ukiwa kwa simu, mambo ni rahisi zaidi, kwani unaweza kutandaza karatasi zako mezani. Hata hivyo usizisome neno kwa neno, maana sauti ya mtu anayesoma hujulikana.

Kabla ya siku yenyewe fanya mazoezi kwa sauti. Mume, dada au jirani ashike maswali, nawe ujibu huku ukichambua mchele. Siku ya kwanza utatazama kikaratasi kila mara. Baada ya siku tatu utakitazama mara mbili tu.

Kwenye bahasha, hakikisha vyeti halisi na kitambulisho vipo. Akina mama walioolewa wawe waangalifu hasa. Kama cheti cha shule kina jina la baba na kitambulisho kina jina la mume, mnaweza kurudishwa mlangoni. Tafuteni mapema hati ya kisheria inayoeleza tofauti hiyo.

Maswali ya nyumbani

Liko swali linalowaumiza wanawake: "Umeolewa? Unategemea kuzaa tena lini?" Ni vema kulijua jibu kabla. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamkataza mwajiri kubagua kwa sababu ya jinsia, ujauzito, ndoa au majukumu ya familia, na ulinzi huo unamhusu hata mwombaji wa kazi. Sheria hiyo hiyo inatoa likizo ya uzazi ya siku 84 zenye malipo, au 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja, na muda wa kunyonyesha usiozidi saa mbili kwa siku.

Hatushauri kusoma vifungu vya sheria mbele ya wasaili. Andika dondoo moja: "Familia – nimejipanga." Ukiulizwa, sema, "Nimeshauriana na familia yangu, na zamu hizi naziweza," kisha urudi kwenye kazi. Ukinyimwa kazi kwa sababu hiyo waziwazi, malalamiko huanzia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Karatasi isiyo yako

Tumalizie na onyo. Wako wanaolipa vijana wa stesheneri wawaandikie wasifu kwa Kiingereza kizuri wasichokielewa. Wengine hunakili majibu kutoka kwenye simu, tena siku hizi zipo programu za kuandika majibu kwa dakika moja. Mtu huingia akiwa na maneno ya mwingine. Msaili anauliza, "Hapa umesema umesimamia stoo, mlikuwa mkihesabu mali kwa utaratibu gani?" Hapo msailiwa hana la kusema, na hata yale ya kweli aliyofanya hayaaminiki tena. Omba msaada wa kuchapa na kusahihisha, lakini mambo yenyewe yawe yako, nawe uweze kuyaeleza kwa Kiswahili cha nyumbani.

Basi, dada yetu uliyeitwa kwenye usaili wiki ijayo, chukua kalamu leo jioni watoto wakishalala. Jiulize: nimefanya nini, wapi, kwa muda gani, na nani anaweza kushuhudia? Huenda ukashangaa jinsi karatasi inavyojaa. Kuyataja mambo hayo mbele ya wasaili hakumvunjii mtu heshima. Wao wamekuita ili wayajue, na asipoyasema mwenyewe, hakuna mwingine chumbani humo atakayemsemea.