Ramani inavyowafumbua vijana macho kuhusu uvamizi na mateso ya Vita vya Pili

VIJANA wengi wanaosoma historia katika shule za sekondari wanaweza kutaja bila kusita kwamba Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilianza 1939, na kwamba Wayahudi wapatao milioni sita waliuawa na utawala wa Adolf Hitler pamoja na washirika wake. Hata hivyo, wakiulizwa mauaji hayo yalitendeka wapi, aghalabu jibu huwa neno moja tu: Ujerumani.

Jibu hilo lina kasoro kubwa, na ramani ndiyo njia nyepesi ya kulisahihisha. Hitler alipotwaa mamlaka mwaka 1933, Wayahudi wa Ujerumani walikuwa kama nusu milioni, yaani chini ya asilimia moja ya wananchi wote. Poland, kwa upande wake, ilikuwa na Wayahudi zaidi ya milioni tatu kabla ya vita. Wengi wa waliouawa, basi, walikuwa watu wa nchi zilizotekwa, na maangamizi yaliwafikia nyuma ya majeshi.

Somo la aina hii huanza kwa ramani tupu ya Ulaya ya mwaka 1938, yenye mipaka pekee. Wanafunzi hugawanywa katika makundi, na kila kundi hupewa nchi moja. Hutakiwa kutafiti mambo matatu: tarehe ambapo nchi hiyo ilivamiwa, idadi ya Wayahudi waliokuwa wakiishi humo, na yaliyowapata baadaye.

Matokeo yakishapatikana, nchi hupakwa rangi kwa kufuata tarehe. Poland ilivamiwa Septemba 1, 1939. Denmark na Norway zikafuata Aprili 9, 1940, kisha Uholanzi, Ubelgiji, Luxembourg na Ufaransa Mei 10 mwaka uo huo. Zamu ya Yugoslavia na Ugiriki ilikuwa Aprili 6, 1941, na ya Muungano wa Sovieti Juni 22, 1941.

Hatua ya pili ni kutandika juu ya ramani hiyo karatasi angavu iliyotiwa alama mahali palipotendeka mauaji. Hapo ndipo wanafunzi huanza kuona uhusiano. Katika bonde la Babyn Yar, jijini Kyiv, zaidi ya Wayahudi 33,000 walipigwa risasi kwa siku mbili, Septemba 29 na 30, 1941, miezi mitatu tu baada ya Wasovieti kuvamiwa. Kambi kuu sita za mauti, yaani Chelmno, Belzec, Sobibor, Treblinka, Majdanek na Auschwitz-Birkenau, zote zilikuwa katika ardhi ya Poland iliyotekwa.

Hungary nayo ilikuwa mshirika wa Ujerumani hadi ilipokaliwa na majeshi ya Hitler Machi 19, 1944. Kufikia Julai mwaka huo, zaidi ya Wayahudi 400,000 walikuwa wamesafirishwa kwa magarimoshi, wengi wao hadi Auschwitz.

Kipimo cha ramani pia kina funzo lake. Kwa kutumia rula, mwanafunzi hugundua kwamba Wayahudi karibu 50,000 wa mji wa Thessaloniki, Ugiriki, waliosafirishwa mwaka 1943, walipelekwa umbali wa zaidi ya kilomita 1,000. Hiyo ni karibu sawa na safari ya barabara kutoka Mombasa hadi Kampala, nao waliifanya wakiwa wamefungiwa ndani ya mabehewa. Bila shaka kijana atauliza ni nani aliyepanga ratiba, na ni nani aliyeendesha magarimoshi hayo.

Stakabadhi moja huonyesha nia ya watawala hao waziwazi. Katika mkutano uliofanyika Wannsee, mjini Berlin, Januari 20, 1942, maafisa walikuwa na orodha ya Wayahudi zaidi ya milioni 11, nchi baada ya nchi. Orodha hiyo ilizitaja Uingereza, Uswisi, Uswidi na Ireland, ambazo hazikuwa zimetekwa. Wanafunzi wakiijaza katika ramani yao, huona kwamba mpango wa mauaji ulivuka mipaka ya ushindi wa vita.

Hata hivyo, ramani haijibu kila swali. Nchini Denmark, zaidi ya Wayahudi 7,000 walivushwa hadi Uswidi kwa mashua mnamo Oktoba 1943. Uholanzi ilipoteza takriban robo tatu ya Wayahudi wake 140,000. Ni kweli kwamba ng'ambo ya Denmark kulikuwa na nchi isiyopigana, tena karibu. Lakini bahari peke yake haiokoi mtu. Kulihitajika afisa wa kutoboa siri ya msako, majirani wa kuwaficha watu, na wavuvi waliokubali kuwabeba. Mambo hayo hutafutwa katika kumbukumbu na ushuhuda.

Fauka ya hayo, ramani ya mishale ya majeshi humwonyesha mwanafunzi vita kwa jicho la mvamizi. Ndiyo sababu zoezi la mwisho ni kuchora safari ya mtu mmoja. Mwandishi Stefanie Zweig alizaliwa 1932 katika mji wa Leobschütz, Ujerumani, ambao leo uko Poland na huitwa Głubczyce. Familia yake ya Kiyahudi ilikimbia mwaka 1938, ikaishi katika mashamba nchini Kenya hadi 1947.

Mshale wake hautoshei katika ramani ya Ulaya, na mwanafunzi hulazimika kuunganisha karatasi nyingine upande wa kusini ili aufikishe. Akiwa Mkenya, atatambua kwamba unaishia nyumbani kwao, na kwamba waliokosa njia kama hiyo ndio waliojaza zile alama za karatasi ya pili.